Glavu za Foleni ya Malori

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya Chapwa, hapa Tunduma, inauma hadi kwenye meno. Asubuhi nimemwona dereva wa lori kwenye foleni ya mpakani akipokea simu kwa pua. Kwa pua! Glavu zake nene, kioo cha simu hakizitambui, na kuzivua hataki. Nimesimama barabarani kama mtu aliyeitwa jina.

Mpira haupitishi umeme. Lakini ukiuchanganya na unga wa kaboni wa kutosha, hadi chembe zishikane mikono kutoka upande huu hadi ule, unapitisha. Nimeyasoma hayo chuoni. Tunduma nzima anayeyajua ni mimi peke yangu, na sina kazi.

Baba amepiga simu kutoka kijijini kwetu Nanyala. Kahawa imeiva. Nisipomwonyesha kazi inayoeleweka ifikapo Jumamosi, narudi kuchuma. Mama mdogo Tabita, ninayekaa kwake, amenipa meza ya mbele katika duka lake la masweta, hadi Jumamosi hiyohiyo. Pendo, anayemsaidia kuuza, aliitaka kwa ajili ya kofia zake za kufuma. Amenipongeza kwa meno tu.

Jumanne, 15 Julai

Nimenunua silikoni, ule mpira laini ambao mafundi huzibia madirisha. Nimechanganya na mkaa wa jikoni uliosagwa, nikapaka ncha za vidole vya glavu. Zimekauka. Nimegusa simu. Kimya. Nimebonyeza kama anayepima parachichi. Kimya.

Pendo ameuliza kama ni glavu za kuchomea mahindi. Kosa ni la mkaa: haukuungua kwa moto wa kutosha, kaboni yake bado goigoi. Nahitaji vile vijiti vyeusi vya katikati ya betri kuukuu za redio.

Alhamisi, 17 Julai

Betri nimezipata kwa Zabron, fundi redio, aliyeuliza mara mbili kama nyumbani wanajua. Vijiti nimevitwanga kwenye kinu cha karanga cha mama mdogo. Nimepaka. Simu imeitika! Nimeimba wimbo wa kwaya peke yangu, sauti ya kwanza na ya pili.

Kisha nikawaza: kwa nini ncha tu? Ncha ni kazi ya mtu asiyejiamini. Nimezichovya glavu nzima nzima, kiganja na mgongo.

Jioni mama mdogo amesema karanga zake zimekuwa na rangi ya simenti. Amezimwaga kabla mtu hajaonja. Kinu sasa ni changu. Amenipa kwa upole ambao sikuupenda.

Ijumaa, 18 Julai

Zinauzika! Dereva mmoja Mzambia amesema natotela, asante ya Kibemba, akainama kabisa. Duka limejaa. Pendo ameuzia kofia zake mlangoni, kwenye upepo.

Mchana ameingia Yonathani, dereva wa Isongole mwenye sauti nzito. Amenunua jozi, ameivaa, ameshika simu kiganjani, ameegemea meza yangu na kumweleza Pendo kwamba hajaoa. Amemweleza kwa kirefu. Kwamba tangu azaliwe hajawahi kupikiwa chakula kwa upendo. Kumbe kiganja kilikuwa kinabonyeza chenyewe. Kimefungua simu, kimechagua namba, kimepiga.

Sauti ya mwanamke ikatoka mle kiganjani, taratibu kabisa:

"Baba Aliko, endelea. Ulifika kwenye chakula."

Kisayansi, jaribio limefaulu kuliko nilivyotarajia.

Jumamosi, 19 Julai

Mama Aliko amefika kabla hatujapanga bidhaa. Nimejificha nyuma ya masweta. Hakumuulizia Pendo. Hakumuulizia hata mume. Ameuliza ni nani anayetengeneza hizo glavu. Nimetoa mkono kwanza, kichwa baadaye.

Amechukua zote zilizobaki. Amesema Isongole kuna wake wengi wa madereva, na wana huruma sana na mikono ya waume zao.

Nimemwambia mama mdogo hiyo sasa ni kazi inayoeleweka. Amenionyesha barabara. Madereva walikuwa wakivuka upande wa pili ili wasipite mbele ya duka.

"Mwanangu," amesema, "hao wake wako Isongole. Wanaonunua masweta yangu ndio hao wanaokimbia."

Meza amepewa Pendo. Amenisaidia kufunga begi, tena kwa bidii ambayo sijawahi kuiona dukani.

Jumanne, 22 Julai

Nanyala. Nimechuma tangu asubuhi. Baba amefurahi kuniona ingawa anaficha. Amenipa kikapu kizuri kuliko cha kaka Osea.

Wakati wa chai amelalamika. Ukungu umezidi, kahawa haikauki, maturubai ya kuanikia yako baridi kama tumbo la chura. Nimeacha kutafuna kiazi. Turubai ni plastiki! Plastiki ikipakwa kaboni ya kutosha na kuunganishwa na betri ya sola, inapata joto. Kahawa itajikaukia yenyewe, ukungu upende usipende.

Osea amesema nianze na kipande kidogo, kama leso. Maskini Osea. Baba amekwenda kwenye kikao cha ushirika. Nimekunjua turubai lake kubwa, lile la mavuno yote, na nimeshapaka nusu. Atafurahi sana akirudi.