Bwana Harusi Asiyecheka

Jumatano, 6 Machi
Nimepata kazi! Nashukuru, maana tangu ile harusi niliyompiga mjomba mtu picha nzuri kupindukia nikidhani ndiye bwana harusi, simu yangu imekuwa kimya. Hii ni ndogo: sebuleni kwa bibi harusi, ndugu wa karibu tu. Yeye ni mshonaji, mwenzake fundi saa. Ameniomba kitu kimoja: picha ya huyo bwana akicheka. Anasema jikoni hucheka mpaka anashika ukuta, ila akiona kamera anakauka kama yuko polisi. Hana hata picha moja yenye uso anaoupenda. Nikamwambia asihofu, amefika kwa mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi
Mbinu hii hapa. Asipoona kamera, hakauki. Nitajificha nyuma ya pazia! Nimejaribu chumbani kwetu. Mke wangu akaingia, akaliuliza pazia kama linataka chai. Aliona viatu. Basi, nitavaa soksi tu.
Mke wangu kanibebesha na mdogo wake, anishikie taa. Shemeji! Yule ambaye picha zake za simu watu huzisifu mbele yangu. Nimekubali shingo upande. Nikamvisha shingoni kamera yangu ya zamani, apendeze, nikamkataza kuigusa.

Jumamosi, 9 Machi
Niliingia nyuma ya pazia kabla ya wageni. Joto! Vumbi! Msajili wa ndoa akaanza kusoma. Bwana harusi kakauka vilevile, macho kwenye taa ya shemeji. Nikasogea nimpate vizuri. Soksi zikateleza. Nikashika pazia. Likaja lote na fimbo yake, nami ndani, mpaka miguuni kwa msajili.
Nikajua nimemharibia mtoto wa watu siku yake. Nilitamani sakafu inimeze.
Mara nikasikia mtu kama anakabwa. Bwana harusi!
"Jamani," akasema, akinitazama nilivyofunikwa, "sasa mimi namuoa yupi?"
Akacheka mpaka akashika ukuta. Bibi harusi naye akacheka, machozi yakamtoka. Mimi nahangaika kutafuta kichwa changu kiko wapi, kamera imenaswa kwenye kitambaa. Na huko nje nasikia: kacha! Kacha! Kamera yangu ya zamani.

Jumapili, 10 Machi
Nimezikagua picha za shemeji nikitafuta kasoro. Hakuna. Bwana harusi kichwa nyuma, meno yote nje. Bibi harusi hatazami pazia wala mimi; anamtazama yeye. Machozi yakanilengalenga. Nikampigia shemeji kumshukuru, na nilimaanisha. Akasema tusingepata kitu bila mimi kuanguka. Sijui ni sifa au ni matusi. Nimechukua kama sifa.

Jumanne, 12 Machi
Bibi harusi kapiga simu. Picha iko juu ya cherehani yake, na kila mteja anaiulizia. Hana kinyongo hata kidogo! Watu wengine wana moyo, jamani. Tena kanitafutia kazi kwa rafiki yake, harusi ya chumba kimoja. Shemeji lazima awepo, kasisitiza mara mbili. Nashukuru tu.
Nimeenda kukiona chumba. Hakina mapazia, ila kina kabati kubwa, zuri, linatazama meza ya maharusi moja kwa moja. Nimeuliza kama mlango wake hufunguka kwa ndani. Hakuna anayejua. Jumamosi tutajua.