Mutu wa Koti ya Mvua

Siku ya kwanza, tarehe 3 mwezi wa saba 2023, Butembo

Chef Stanislas amepiga simu toka bureau ya Beni. Anasema kati ya ma-agent yake yote ba assurance, ba kuuza bima, mimi Paulin niko wa mwisho. Kama sijaleta saini ya hata dispensaire moja, zahanati moja tu, mbele ya siku ya Mungu, pikipiki ya kampuni itaenda kwa Bénite.

Bénite! Mutoto wa juzi katika kazi! Anaingia kwa dispensaire, anapanda kuangalia paa, anafuata waya za umeme kwa kidole, anauliza frigo ya chanjo iko wapi. Kisha anaeleza polepole. Ikiungua, tutalipa. Ikiibiwa, tutalipa. Na batu banasaini!

Mimi sishike waya. Mutu hanunue assurance juu ya waya. Ananunua juu ya woga. Nimelala na furaha.

Siku ya pili, tarehe 4

Bulengera, kwa Mama Orpa, infirmière, muuguzi mwenye dispensaire ya bluu karibu na soko. Alikuwa anapima mutoto uzito. Nilingoja. Kisha nikamuuliza kwa sauti ya chini kama mutu wa koti ya mvua amekwisha kupita hapa.

Akauliza mutu gani. Nikamutunga pale pale, mbele ya bagonjwa. Muzee mwembamba. Jua kali, lakini amevaa koti ya mvua ya kijani, na koti imelowa. Anakaa kwa benchi. Haombi dawa. Anasema tu: "Muniwekee kitanda. Ndugu yangu iko nyuma, anakuja." Halafu anatoka. Na siku ile ile kitu kinaharibika. Frigo inazima. Paa inaanguka. Nikasema imetokea mara nyingi upande wa Beni. Nikatoa kalamu.

Mama Orpa akacheka. Akasema Bénite anakuja kesho kwa habari ya waya. Lakini kwa benchi hakuna aliyecheka. Mutu mumoja alisogea pembeni, kisha mwingine, mpaka katikati ya benchi ikabaki fasi tupu. Ya mutu mumoja.

Dawa imeingia!

Siku ya tatu, tarehe 5

Imeingia sana. Mama muuza makala ya kupikia amenieleza hadithi yangu mwenyewe. Ameongeza miguuni bottes za mvua ambazo hazitoe sauti. Si mbaya. Nimezikubali.

Muchana Mama Orpa akaniita. Vitanda vitupu. Mwenye malaria alikimbia na serum mukononi, akapanda taxi-moto, chupa juu kama bendera. Mwanamuke mumoja, Providence, alifika mlangoni na uchungu wa kuzaa. Aliona benchi tupu, akaogopa, akarudi. Alizaa kando ya barabara, nyuma ya mbao za fundi. Mama Orpa alikimbia kumufuata na mikasi. Mutoto iko muzima. Mama yake alipoteza damu nyingi, lakini ataishi.

Mama Orpa hakupiga kelele. Gauni yake ilikuwa ingali na damu. Aliuliza tu: "Paulin, assurance yako inalipa woga?"

Nilisoma karatasi mbele na nyuma. Moto, iko. Wizi, iko. Woga, haiko.

Akanionyesha mlango. Nilijisikia vibaya njia nzima. Halafu nikaelewa: ni kosa ya kampuni! Bangeweka woga ndani, leo ningekuwa na client.

Siku ya ine, tarehe 6

Nimeenda kusini, mpaka Alimbongo, fasi hadithi haijafika. Baridi. Ukungu juu ya mashamba ya viazi. Infirmier wa hapa ni Papa Henri, mutu wa kanisa, musemaji kidogo. Nikaanza: je, mutu wa koti ya mvua...

Hakuniacha nimalize. "Amepita asubui."

Nikacheka. Akanipeleka kwa benchi. Mbao kavu huku, kavu kule. Katikati maji, umbo ya mutu aliyekaa. Alisema alimupa chai, baridi ilikuwa kali. Muzee hakunywa. Alishika kikombe tu, ili mikono ipate moto, na chai ikawa barafu mbele hajasema wasingya, asante ya kwetu.

Chai, mimi sikuitunga.

Nikauliza kama alisema habari ya ndugu. Papa Henri akaangalia chini. "Alisema ndugu anaitwa Paulin. Pikipiki nyekundu." Kitanda kilikuwa tayari, pembeni ya dirisha. Shuka safi, kona zimekunjwa vizuri.

Bénite! Ni yeye amenitumia muzee huyu! Nikamupigia simu na matusi mdomoni. Alikuwa Bulengera, juu ya paa ya Mama Orpa. Nilisikia nyundo. Alisema anakwenda nyumba kwa nyumba kuomba bagonjwa barudi. Kisha akaniuliza kama niko peke yangu, sababu anasikia mutu mwingine anapumua kwa simu.

Nilikuwa peke yangu. Nimekata. Naondoka hapa sasa hivi.

Siku ya tano, tarehe 7

Naandika nikiwa kitandani. Jana barabara ilikuwa kavu, pikipiki nzima, mwendo wa heshima. Kwa kona ya chini, koti ya kijani katikati ya njia. Hakupunga mukono. Alisimama tu, kama mutu anayengoja mugeni. Nilipinda, nikaenda katika mufereji. Mguu wa kuume umevunjika.

Batu ba shamba bakanibeba. Niliwaomba kwa jina la Yesu banipeleke Lubero, Butembo, fasi yoyote ingine! Bakasema nimechanganyikiwa juu ya maumivu. Papa Henri alikuwa amesimama mlangoni. Hakushangaa. Shuka safi. Dirisha.

Leo nimemuuliza kama muzee amerudi. Akasema hapana, atarudi kufanya nini? Aliomba kitanda kimoja tu.

Frigo ya Papa Henri inafanya kazi. Paa iko. Kitu kilichoharibika ni mimi.

Siku ya posho, jumamosi, tarehe 8

Bénite amefika na lori ya viazi, safari ya siku nzima, ameniletea mukate na ndizi. Mbele ya kukaa, akafuata waya moja ukutani kwa kidole mpaka juu ya kichwa changu. Imeliwa na panya! Akamuita Papa Henri, bakaikata. Kisha Papa Henri akasaini assurance. Mbele yangu! Juu ya kitanda changu!

Baadaye Bénite aliniomba kitu kimoja. Nikipona, nisimame katika soko ya Bulengera niseme kwa mdomo wangu kwamba nilimutunga muzee, ili batu batulie. Providence hajakubali bado kupeleka mutoto kwa chanjo. Niliahidi. Bénite akafuta macho. Mwanamuke wa roho nzuri. Hatafika mbali.

Siku ya Mungu, tarehe 9

Banaimba kanisani. Maumivu yamepungua, kichwa kinafanya kazi tena. Na nimeona kosa yangu!

Dispensaire ina vitanda. Ni pale yule muzee alipata njia ya kuingia. Pharmacie haina kitanda hata kimoja. Donc, basi, pharmacie! Na si muzee tena. Mwanamuke kijana, sauti tamu. Anaomba dawa ya kukohoa ya mutoto. Mutoto iko mugongoni, amefunikwa na kitenge. Hakohoe. Halie. Na kila pharmacie anapoingia, kitenge kimeshuka kidogo.

Papa Henri aliingia kubadilisha bandage, nikajaribu hadithi mupya kwake. Aliacha mukasi. Akafunga dirisha. Akaniomba, mikono pamoja, nisiitoe nje ya chumba hiki.

Infirmier muzima, na anatetemeka! Hiyo itauza mpaka Beni.