Msumari wa Sebuleni

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefika! Mji mkongwe, msanii mpya. Nina daftari la kuchorea lenye jalada gumu, penseli kumi na mbili, na kofia ya majani pana kuliko meza ya chumba changu cha wageni. Sijachora kitu bado. Lakini kwa mwonekano tu nimeshawaacha mbali wenzangu wote wanane.

Iandikwe wazi: nimekuja kwa sababu ya msumari. Mke wangu aliupigilia ukutani sebuleni mwaka tuliooana, tayari kwa cheti changu cha uhasibu. Uhasibu sikuumaliza. Msumari ukasubiri cheti cha kinanda. Ukasubiri picha yangu na mizinga ya nyuki. Nyuki wakahama. Miaka ishirini na sita, msumari mtupu! Mwezi uliopita mke wangu akasema amechoka kuupangusa vumbi. Nikirudi na mchoro mmoja, mmoja tu, nilioumaliza kwa mkono wangu, atautilia fremu na kuutundika. Nikirudi mikono mitupu, anaweka picha ya kaka yake katika joho la shahada ya pili. Yaani nile kila siku huku shemeji ananitazama? Bora niwafuate nyuki.

Ziara ni ya siku sita: kutembea mji wa kale na kuuchora. Mwalimu ni kijana mwenye ndevu tatu na masharti manne. Kuchora papo hapo, mbele ya kitu chenyewe. Picha za simu marufuku. Raba marufuku, kosa libaki lilipo. Na saa kumi kila mtu alaze daftari lake wazi kwenye ukingo wa kisima, nyuma ya makumbusho, kisha tupite wote tukitazama bila kusema neno. Kama tunaaga maiti!

Alipita na kopo la biskuti kukusanya raba. Nikatoa moja. Mbili ziko kwenye soksi.

Kuna muuguzi mstaafu kwenye kundi, mwenye miwani ya kamba. Ananiita mwanangu. Nina miaka hamsini na tatu! Anachora huku anatafuna karanga. Simpendi.

Jumanne, 5 Agosti

Somo la vipimo. Unanyoosha mkono na penseli, unafumba jicho moja, unapima kwa kidole gumba. Nikachagua lango kuu la mji. Nikanyoosha, nikafumba. Ng'ambo ya njia, chini ya lango, alikuwapo mwanamke na cherehani yake. Sikumwona hata kidogo. Mimi nilikuwa kazini.

Dakika kumi baadaye mumewe akanisimamia mbele. Fundi kufuli, mikono kama koleo. Akataka kujua kwa nini namkonyeza mkewe. Nikamweleza kistaarabu kwamba simkonyezi, napima. Akauliza napima nini. Nikasema kweli: upana. Ukweli haulipi. Penseli nne zimevunjika, mbili kati yake kichwani pangu.

Saa kumi, kisimani. Lango langu nilikuwa nimelifuta kwa siri mpaka karatasi ikatoboka. Muuguzi akaliinamia kwa muda, akavunja sharti la kimya, akanipongeza kwa ng'ombe mzuri. Hiyo ni minara miwili, mama! Miwili! Si pembe!

Jumatano, 6 Agosti

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Leo zangu zimesimama.

Kwenye duka karibu na stendi ya mabasi nimeokota postikadi iliyopauka: nyumba kubwa ya uwanjani, ile wanayoisifia wote, na roshani yake ya mbao ya ghorofa ya pili, nakshi tupu. Na mgahawa ulio mkabala na nyumba hiyo una dirisha la kioo kipana linalopigwa na jua la asubuhi. Unabandika postikadi kwenye kioo, unaweka karatasi juu yake, jua linapenya, mistari inajitokeza yenyewe. Wenzangu wote walikuwa uwanjani wakiungua. Mimi nilikuwa ndani na chai, nafuatisha. Nyumba yenyewe sikuitazama hata mara moja. Sikuweza, postikadi ilikuwa imeiziba.

Saa kumi nikalaza kazi yangu kisimani kwa unyenyekevu wa kujilazimisha. Ndogo, ya ukubwa wa kiganja. Nikaeleza kuwa ndiyo mtindo wangu. Mwalimu akasahau sharti lake la kimya! Akasema mstari umetulia, nakshi za roshani zinapumua, na hakuna mwenzangu hata mmoja aliyeiona. Akauliza kile kijisanduku angani ni nini. Hapo nikakumbuka kwamba nyuma ya postikadi kuna mahali pa stempu. Nikasema ni tiara. Akatikisa kichwa kwa heshima.

Muuguzi hakutikisa kichwa. Alitazama mchoro wangu, akatazama wa kwake, akanitazama mimi. Kisha akatabasamu na kuendelea na karanga. Wivu!

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa.

Mwalimu alimleta mtunza makumbusho, mzee mwenye tai, aone kazi yangu. Mzee akavua miwani. Akaipangusa. Akaivaa tena. Machozi yakamlenga. Akasema roshani ile ilianguka kwa mvua yeye akiwa darasa la tatu. Sasa anakaribia kustaafu.

Kimya cha kisimani safari hii kilikuwa cha kweli. Watu kumi wananitazama. Nilisikia raba zinachoma soksini.

Mtu mdogo angekiri. Mimi nilifumba macho na kusema kwa sauti ya chini kwamba msanii huona hata yaliyoondoka. Nilidhani nimejiokoa. Kumbe najipalia makaa! Mzee akanishika mikono yote miwili. Akasema wanataka kuijenga upya, mbao zimeshapatikana, ila picha zote zilizobaki zinaonyesha mbele tu. Vipimo hakuna. Ubavu wa kwenye kichochoro hakuna anayeukumbuka. Basi kwa kuwa mimi naiona, kesho nikae uwanjani niichore kwa ubavu. Seremala naye atakuwepo, na futi yake.

Muuguzi alipita nyuma yangu akisema nahitaji kupumzika mapema, mwanangu. Mnafiki.

Ijumaa, 8 Agosti

Waliniwekea kiti. Waliniwekea mwavuli! Mtunza, seremala, Mwalimu, kundi zima, na fundi kufuli ambaye hakualikwa. Mbele yangu nyumba, na pale penye roshani: ukuta mtupu.

Nusu saa sikuchora kitu. Nikaamua kuzimia. Nilizimia vizuri sana, nadhani, kofia ikaviringika mpaka kwenye mtaro. Muuguzi akaja, akaniinua kope moja kwa kidole, akautangazia uwanja kwamba miaka arobaini wodini amewaamsha wengi wa namna hii kwa maji ya baridi, na je, nani ana ndoo? Nikapata nafuu.

Nikasema roshani imenitoroka kwa sababu ya kelele. Mwalimu aliamini.  Mtunza makumbusho alikunja karatasi kubwa aliyokuwa ameniandalia, akaikunja tena, akaitia mfukoni, akaondoka taratibu. Afadhali angenitukana. Niliona aibu, naiandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Wakatawanyika wote. Nikabaki kwenye kiti na hasira zangu. Basi, kwa kuukomoa huo ukuta, nikauchora! Ulivyo. Matundu ambamo boriti za roshani zilikuwa zimeingia: saba juu, sita chini, moja limezibwa tofali. Ufa. Alama ya maji iliyoshuka mpaka kwenye kizingiti. Tundu la ubavuni, la kwenye kichochoro, lenye kiota cha njiwa. Nilipima kwa kidole gumba na jicho moja, na anayetaka kuvunja penseli na aje. Saa mbili nzima. Sikula. Raba sikuzikumbuka, na hilo bado linanishangaza.

Seremala alipita akirudi kwake. Akainama begani kwangu, akahesabu matundu kwa ncha ya kidole, akauliza kama nafasi kati yake ni sahihi. Nikamwambia asiniwekee kivuli.

Kitu kibaya mno. Ukuta wenye matundu! Hautundiki hata chooni.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya kuagana. Kundi hili lina desturi: siku ya mwisho mnabadilishana michoro, mmoja kwa mmoja, kwa hiari. Wangu wa roshani hakuna aliyeuomba, wananiangalia kwa pembeni. Kisha Muuguzi akaja anautaka ukuta wenye matundu. Akasema nichague wowote katika daftari lake.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na leo kibaya kimepata mteja bila hata kutembea! Nikachagua haraka kabla hajapona. Kurasa mbili zilizofunguka pamoja, wino mweusi: uwanja mzima wa Jumatano, nyumba, mgahawa, watu, njiwa. Akasita. Akaniuliza, mara mbili, kama nimeutazama vizuri. Nikasema nimeutazama. Nilikuwa nautazama upana, kama unaenea juu ya msumari.

Aliniomba niweke jina langu kwenye ukuta. Nikakataa. Sina mazoea ya kutia saini matundu. Wake ulikuwa hauna saini pia. Ndani ya basi, kona ya chini kulia, sasa unayo. Yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Saa sita mchana. Umetundikwa! Mke wangu hakuamini. Alikuwa ameshaitia fremu picha ya kaka yake. Akaitoa mwenyewe, akauweka wangu, akarudi nyuma hatua tatu, akaniwekea mkono begani. Akasema kumbe bado ninaye ndani yangu, yule mtu aliyempigilia msumari. Nilifurahi kuliko siku ya harusi. Nikapangusa macho. Vumbi.

Saa tisa. Shemeji alikuja kula. Hawezi kutazama kitu bila kukikagua, ndiyo shahada ya pili hiyo. Akasogeza pua kwenye kioo cha fremu. Akauliza yule mtu dirishani mwa mgahawa ni nani.

Mtu gani?

Mtu huyo. Mdogo kama punje ya mchele, lakini kofia ya majani haina mpinzani. Amebandika karatasi kwenye kioo, kijikadi kinachungulia chini yake, na ulimi uko nje kama mtoto wa chekechea. Yule muuguzi ana macho gani?

Mke wangu akasogea. Akatazama kwa muda mrefu. Akasema njia ya mwongo ni fupi, ila yangu hata basi haiihitaji. Nikasubiri auteremshe. Hakuuteremsha. Akasema utakaa papo hapo, maana angalau unamwonyesha mumewe akifanya kazi. Shemeji alicheka mpaka akaomba maji.

Baadaye, mezani, mke wangu akaniuliza kama katika siku zote sita sikuchora changu hata kimoja. Nikamsimulia ukuta, matundu saba juu na sita chini, njiwa, saa mbili bila kula. Akaacha kutafuna. Akasema huo ndio angeutundika.

Jumapili, 28 Septemba

Bahasha kutoka kwa Mwalimu. Muuguzi aliupeleka ukuta wangu makumbusho siku ileile. Kumbe matundu yale kila mtu alikuwa akiyapita bila kuyahesabu; sasa seremala amepata nafasi za boriti zote, pamoja na ya ubavuni, na ameshaanza kupasua mbao. Mtunza anasimama mbele ya mchoro huo kila asubuhi kabla ya kufungua mlango. Uko ukumbini, penye mwanga, na chini yake kibao: mchoraji hakutaka kutaja jina. Mwalimu anauliza kama mimi namjua; seremala akiulizwa hucheka tu.

Nimeisoma barua mara tano. Mara ya tano nilikaa chini.

Mke wangu ameisoma pia. Hakunicheka. Amesema nichukue kiti nikachore ukuta wetu wa jikoni, na nyufa zake, nitoe nilichokiona; nikimaliza, leo hii anamteremsha yule mtu wa dirishani. Amekitoa hata kiti nje.

Saa mbili juani! Kwa ukuta wa jikoni! Huyu mwanamke hajui sanaa inavyokwenda.

Maana ndani ya bahasha kulikuwa na kitu kingine. Makumbusho wameuchapa ukuta wangu kwenye postikadi. Matundu yote yanaonekana. Na dirisha letu la jikoni, nimekwenda kulikagua sasa hivi, linapigwa na jua mpaka saa tano.

Penseli nimeshachonga. Raba ninazo mbili.