Fomu Ilisema Diski

Jumatatu, 9 Juni

Nimemwaga muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye laptop ya Nzembi. Bakuli zima, na mchuzi wake. Naandika hapa kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia.

Nzembi ni dada yangu mkubwa, anakaa mtaa wa Kongo, Kawangware. Jana alinipa laptop nilipomwambia nina kazi ya ofisi. Ofisi ni hiki chumba changu cha hapa mtaani Lindi, na kazi ilikuwa mechi. Tukapata penalti, goti likaruka, muthokoi ukaenda. Nimefuta kwa shati. Mashine inawaka, kila kitu kimo, lakini nusu ya herufi haziandiki.

Ndani mna mradi wake wa chuo, kurasa arobaini juu ya michezo ya watoto wa Kongo. Lazima aupeleke Jumatatu ijayo. Asipoupeleka atangoja mwaka mzima, na shule anakofundisha kama msaidizi haitamngoja. Miezi minne ya kazi. Naona haya hata kula. Nimekula kidogo tu.

Jumanne, 10 Juni

Kuna Morris, mwenye saiba, duka la kompyuta na kuchapisha, pale sokoni Kawangware 56. Angeweza kuitazama. Lakini nimewaambia watu wote wa Lindi kwamba Morris ni muuaji wa mashine. Tena mchafu wa kazi: kila anachomchapishia mtu hukiacha kwenye kompyuta yake. Unaenda kuchapisha barua, unaona wasifu wa kazi wa mtaa mzima. Huyo simpelekei kitu.

Nina akili kuliko hiyo. Risiti imo kwenye begi, na waranti ina miezi mitatu bado. Tatizo ni kwamba waranti haihusu vitu vilivyomwagiwa chakula. Kwa hiyo nilipofika kwa mafundi wa kampuni, mjini, kibodi sikuitaja kabisa. Kwenye fomu, penye tatizo, nikaandika: diski imekufa. Penye chanzo: yenyewe. Nilisikia mahali kwamba diski ikifa wanakupa mashine mpya. Mashine mpya, kibodi mpya. Fundi mmoja, Wekulo, aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu kama mhandisi. Nikatia sahihi chini, penye maandishi madogo.

Nzembi amepiga simu kuulizia laptop. Nimemwambia iko kwenye apdeti, inajisasisha. Akauliza apdeti huchukua siku ngapi. Nikasema aina hii, siku nne.

Alhamisi, 12 Juni

Aibu. Nzembi aliniita kwenye ushirika wa kina mama, nyumbani kwa Mama Valerie. Nilidhani ni chai. Kumbe ameomba laptop iombewe. Kina mama kumi na wawili walifumba macho, mmoja akaikemea roho ya apdeti. Kwa vile laptop haikuwepo, waliniwekea mikono mimi kwa niaba yake. Nikasema amina, tena kwa sauti. Mandazi nilikula matatu.

Nzembi alinisindikiza hadi steji ya matatu. Alisema hapati usingizi, ila anajua mashine iko mikononi mwa mtu anayejua. Nilitazama viatu vyangu mpaka tukaagana.

Ijumaa, 13 Juni

Wamebadilisha diski.

Si mashine. Diski. Wekulo alinikabidhi laptop ile ile, na madoa yake. Nikaiwasha. Tupu. Hakuna mradi, hakuna picha za marehemu baba, hakuna chochote. Na nusu ya herufi bado haziandiki. Nikamwambia, kwa sauti ya mteja aliyedhulumiwa, kwamba wameweka kifaa sicho.

Hakugombana nami. Alichukua fomu akaisoma mbele ya foleni, maneno yangu yote, mpaka ile "yenyewe". Akasema diski ya zamani ilikuwa nzima, hata alimwuliza bosi wake, bosi akasema mteja amesisitiza na ametia sahihi. Nikaomba wanirudishie. Ilifutwa jana na kurudishwa kiwandani. Yale maandishi madogo yanasema kwamba nimehifadhi kazi zangu mahali pengine.

Chini ya fomu Wekulo ameongeza mstari mmoja: kibodi ina chakula. Mzee aliyekuwa nyuma yangu alitaka kujua chakula gani.

Nililia chooni. Nilikuwa bado nalia nilipokumbuka uchafu wa Morris.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda kwa Morris. Kwanza nilizunguka soko la 56 mara tatu nikijifanya nachagua nyanya. Nikamweleza kwamba kuna rafiki yangu mmoja alimwaga chakula. Morris akaitazama laptop, ambayo ina stika ya chuo cha Nzembi, akauliza, "Buda, hii kitu ilikula nini?"

Nikasema ukweli, wote. Sijui ulitoka wapi.

Mradi upo. Nzembi aliuchapisha pale Jumamosi iliyopita ili mwalimu wake aupitie, na Morris, kama kawaida yake, hakuufuta. Akaurudisha kwenye laptop. Kisha aling'oa vitufe, akaisugua kibodi kwa spiriti na mswaki wa zamani. Dakika ishirini. Herufi zote zikaandika. Punje moja ya mahindi na maharagwe mawili aliyoyatoa aliyapanga kwenye karatasi mbele yangu.

"Si ungeniletea tu," akasema.

Hakutaka chochote. Aliomba tu niache kuwaambia watu wa Lindi kwamba anaua mashine. Nikaapa. Picha za baba nilimwuliza pia, lakini hizo hazijawahi kupita kwake.

Nikaufungua mradi kuhakikisha. Ukurasa wa shukrani: Mungu, kisha mama kule Kitui, kisha "ndugu yangu Kimanzi, ambaye bila yeye nisingeweza kompyuta". Kimanzi ni mimi. Niliufunga haraka. Kesho nitamwambia Nzembi yote. Nimeamua.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi nilimrudishia Nzembi laptop. Kanisani alisimama kutoa ushuhuda. Laptop imepona, na Mungu amemtumia mdogo wake. Akaniita mbele. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Lakini watu wakapiga makofi, na Pasta Wainaina akanishika bega akaniita fundi wa Bwana. Nikasema utukufu ni wa Mungu. Morris alikuwa ameketi nyuma kabisa. Naye alipiga makofi.

Tulipotoka, Nzembi aliniambia taratibu kwamba picha za baba hazionekani. Akauliza kama labda apdeti ilizila. Nikasema apdeti huwa hivyo. Akasema basi, bora mradi upo, akaninunulia soda. Niliinywa yote nikiwa nimesimama pale pale mbele yake. Mimi ni mtu mbaya.

Jumanne, 17 Juni

Mradi ulipokewa jana. Nzembi ametuma ujumbe mrefu wa furaha. Nimeusoma mara moja tu.

Leo Pasta Wainaina amekuja Lindi mwenyewe, amebeba amplifaya ya kanisa. Paa lilivuja juu yake kwenye mvua ya jana. Taa ya kijani inawaka lakini sauti haitoki, na ukiiinamisha maji yanadondoka. Alikuwa anaipeleka kwa Morris, akakumbuka ushuhuda. Nimemwambia amefanya vyema, maana Morris ni muuaji wa mashine. Ilinitoka tu.

Nimeianika mlangoni ikauke kwanza. Bado ina waranti, na mafundi wake ni wale wale wa mjini. Fomu ya ziada nilikuwa nimeichukua Ijumaa, kwa tahadhari. Penye tatizo nimeandika: waya wa umeme. Penye chanzo: wenyewe. Yale maandishi madogo ya chini, safari hii nitayasoma nikipata nafasi. Sahihi nimeshatia.