Mlinzi wa Kompyuta ya Mzee

Profesa hakuwahi kufundisha hata kuku, lakini jina hilo alilivaa kama suti yake ya mtumba: lilimpwaya, naye akatembea nalo kifua mbele. Siku hiyo alikuwa ameegemea kaunta ya duka la vifaa vya ofisi, akinusa. Riziki yake ilikuwa ujinga wa watu, na ujinga, kwa pua iliyozoea, una harufu.

Akaingia mzee mmoja mstaafu, miwani imemshuka puani. Kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, akauliza kama kuna programu ya kulinda kompyuta ya nyumbani isiyolipiwa kila mwaka.

"Za bure zipo," alisema muuzaji, "ila hazina kila kitu."

Mzee akaguna, akatoka. Profesa akamfuata.

"Shikamoo, mzee wangu. Kulipia kila mwaka ni sawa na kujipangisha nyumba yako mwenyewe. Mimi ninayo ya maisha."

"Marahaba. Maisha ya nani, yangu au yako?"

"Ya kompyuta, mzee."

Mzee alicheka, akamkaribisha kwake. Njia nzima Profesa alimtazama kama kitoweo.

Kompyuta ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Tuseme ukweli kuhusu dawa ya Profesa: ilikuwa ni picha nyekundu iliyotangaza virusi mia tisa katika mashine yoyote, hata iliyotoka kiwandani jana. Alishaichomoa flashi yake mfukoni mzee alipomzuia.

"Huweki mlinzi kwenye nyumba mbovu. Hii inanguruma, isikilize."

Profesa akaifungua, akatoa vumbi la kujaza mfuko. Kisha printa ilikuwa imegoma, akaitengeneza. Kisha picha za harusi ya binti wa mzee zilikuwa zimepotea, akazisaka hadi akazipata.

"Una mkono mwepesi, mwanangu," alisema mke wa mzee, akiingia kutoka jikoni. Profesa, shati limemgandia mgongoni, akajiambia kwamba ndoano bila chambo hainasi.

"Sasa niwekee na hii," mzee akasema, akitoa kabatini boksi la programu ya ulinzi. "Niliinunua juzi, imenishinda. Ikae na yako, wawe walinzi wawili."

Profesa akaiweka huku akiibeza moyoni. Ndipo, kwa madaha ya bwana harusi, akachomeka flashi. Kompyuta ikalia mlio mmoja mfupi. Maandishi yakatokea: *Programu hatari zimepatikana. Zimefutwa.* Ndani ya flashi ile ndimo ulimokuwa mtaji wake wote wa utapeli. Nakala nyingine hakuwa nayo. Mwizi huwa hadhani kwamba naye ataibiwa.

"Imefuta nini?" aliuliza mama.

"Hizi... hazipatani, mama."

"Mimi naona zimefahamiana mara moja," mzee akasema, akirudisha kitambaa.

Profesa akachomoa flashi yake. "Mzee, kama ulikuwa nayo tangu juzi, pale dukani ulikuwa unatafuta nini?"

"Fundi. Fundi wa kweli hutaja ujira wake mlangoni, hajagusa hata waya. Tapeli hufanya kazi kwanza, tena bure."

Mama akamfungulia mlango, akampa ule mfuko wa vumbi.

"Ukipita jalalani, mwanangu, tutupie."

Naye akaupokea kwa mikono miwili.