Debe la Misumari na Benchi la Dirishani

Jumatatu, 3 Juni

Baba mkwe anaacha kazi. Jumamosi atakabidhi benchi la dirishani, na mwenye benchi hilo ndiye mkuu wa karakana. Atakayeshindwa ataendelea kupiga msasa pembeni, kwenye vumbi. Tunaogombea ni mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Kila mmoja atapiga randa mlango wake. Shemeji ana mikono minene kama miguu ya meza. Mimi nina akili.

Jumanne, 4 Juni

Nimechunguza mguu wa kuku jikoni. Ndani kuna kano nyeupe. Nikaivuta, vidole vikafumba! Nikaachia, nikavuta tena. Ajabu tupu. Nimecheza nao mpaka mke wangu akauliza kama supu itapikwa leo au kesho. Yeye hufanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini. Akasema msuli haujui kusukuma, unajua kuvuta tu, na mfupa unafuata. Kiwiko ni bawaba. Nikamwambia habari za bawaba aniachie mimi. Akasema pia msuli wa mbele una mwenzake nyuma ya mkono, mmoja unakunja, mwingine unanyoosha. Hapo sikumsikiliza sana. Kuku alikuwa amenikunjia ngumi.

Jumatano, 5 Juni

Siku nzima nimenyanyua debe la misumari nyuma ya rundo la mbao. Msuli wa mbele tu, maana ndio unaoonekana kwenye kioo. Mke wangu akasema randa inasukumwa, kwa hiyo nisiusahau wa nyuma. Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyesema misuli haisukumi. Akaenda zake kuanua nguo. Nimemshinda kwa hoja.

Ijumaa, 7 Juni

Mkono umekataa kunyooka. Umebaki kama kishikio cha birika. Kukunja, sawa. Kunyoosha, machozi. Mke wangu anasema wa nyuma unavuta lakini wa mbele umevimba na hauachii. Inavutia sana, laiti ungekuwa mkono wa mtu mwingine. Angalau kijiko kinafika mdomoni bila shida.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji alisukuma randa, maranda yakatoka marefu, mororo. Zamu yangu randa ilienda shubiri moja ikagoma. Nikaamua kuisukuma kwa kutembea. Tumbo likagonga benchi. Baba mkwe akauliza naumwa nini. Nikasema ni utaalamu. Akampa shemeji benchi, mimi akanipa msasa. Kisha shemeji akaniletea kigoda nikalie, kwa upole kabisa. Roho imeniuma kuliko mkono.

Jumapili, 9 Juni

Nimelala, nimewaza, kosa nimeliona. Nilichagua msuli usiofaa! Mwenye kazi ni yule wa nyuma. Kuanzia kesho nitamkuza yeye peke yake, kwa madebe mawili, na wa mbele sitamgusa kabisa. Shemeji ajiandae. Mke wangu ameuliza nitakula kwa mkono gani. Sijaelewa swali hilo linahusiana vipi na randa.