Malalamiko Dhidi ya Kutumwa Hijabu Nikiwa Mtu Mzima

Kulow Yahye,
Soko la Mifugo,
Garissa.

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa barua,

Assalaam aleikum, na kama hiyo si salamu ya kwenu, basi hujambo, na pole kwa kazi ya kusoma shida za watu usiowajua. Mimi ni mfanyabiashara wa mbuzi hapa Garissa kwa miaka ishirini na moja, mzaliwa wa Takaba. Kiswahili nilitiwa kwa fimbo na Mwalimu Muema, Mkamba mmoja mvumilivu, kwa hiyo ukikuta "b" mahali pa "p" usimlaumu yeye. Alijitahidi. Ulimi ndio uliokuwa umeshakomaa.

Naandika kwa unyenyekevu kulalamika juu ya dhuluma inayowapata wanaume wenye heshima zao, nayo ni kutumwa kununua hijabu. Naomba serikali iingilie kati. Lakini haki inataka kwanza nieleze nilivyofika hapo, ingawa sehemu hii hainipendezi.

Mwezi uliopita tuliitwa mkutano wa wazazi katika shule moja ya wasichana hapa mjini. Ajenda ilikuwa tangi la maji. Nilipopewa kipaza sauti niliona tangi ni jambo dogo kwa mtu mwenye kauli kama yangu, nikahamia kwenye hijabu. Nilieleza urefu wake, upana wake, rangi zinazofaa na zisizofaa, na jinsi wasichana wa siku hizi wanavyoivaa mbiombio kama watu wanaokimbilia basi. Nilisema dakika arobaini. Wanaume walitikisa vichwa kukubali. Wanawake walinyamaza, nami nikadhani wameguswa. Binti yangu Ruweyda, aliyemaliza kidato cha nne hapo hapo na siku hiyo alikuja kuchukua cheti chake, alikuwa amesimama mlangoni. Aliondoka kabla sijamaliza.

Nyumbani nilimkuta mke wangu Yurub ameketi na chai yake. Hakugomba. Ungemjua Yurub, Mhariri, ungejua kwamba asipogomba ndipo mtu anapotakiwa kukimbia.

"Baba Ruweyda," alisema, "mtoto anakwenda chuo cha uuguzi Jumatatu. Anahitaji hijabu tatu. Kwa kuwa elimu yote iko kwako, nenda ukamnunulie."

Nikamwambia hiyo si kazi ya wanaume.

"Kuisemea ni kazi ya wanaume, kuinunua si kazi yao?"

Nilichukua kofia yangu nikatoka. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo. Mazungumzo yalikuwa ya Kisomali, nami nimeyatafsiri kadiri ya uwezo wangu.

1. Maswali. Nilikwenda kwa Maka, mama mwenye kibanda cha nguo karibu na bomba la maji la sokoni. Nikamwambia nataka hijabu tatu. Alifurahi, akaniita adeer, yaani ami yake, kama inavyompasa mtu kumwita mzee wa heshima. Kisha akaanza.

"Ya kushonwa au ya kuzungusha, adeer?"

"Ya mwanamke," nikajibu.

"Zote ni za wanawake. Ya kazini au ya harusini? Kitambaa kinachoteleza au kinachoshika? Kofia ya ndani anayo? Mwenyewe ana kimo gani?"

Mhariri, mbuzi wangu najua kimo cha kila mmoja hata nikiwa nimefumba macho. Binti yangu wa miaka kumi na tisa nilimwonyesha Maka kwa mkono, hivi, na mkono wangu, kama nilivyogundua baadaye, ulimkumbuka akiwa darasa la sita.

Ombi: muuzaji asiruhusiwe kumuuliza mwanamume zaidi ya swali moja, na jibu liwe "ndiyo".

2. Rangi. Mimi naweza kutazama mbuzi mia mbili katikati ya vumbi nikakuambia huyu alitoka Elwak na yule ana mimba. Maka alinitandazia kijani saba, nikaona kijani kimoja mara saba. Kwa hasira nikachukua rangi ya udongo, ambayo niliiona ina staha. Yurub aliitazama akasema, "Hili ni gunia." Nikarudi. Mara ya pili nilichukua damu ya mzee, nikaileta kwa kujiamini. Yurub akaniuliza kama nilimuuliza Ruweyda sare ya chuo ni rangi gani. Sikuwa nimemuuliza. Ni buluu. Ukweli ni kwamba Ruweyda alikuwa hasemi nami tangu siku ya mkutano, zaidi ya kunijibu salamu, na mimi nilikuwa najifanya sijatambua.

Ombi: nchi nzima iwe na hijabu ya rangi moja, na jina la rangi liandikwe pindoni kwa herufi kubwa, kwa ajili ya akina baba.

3. Kuaibishwa hadharani. Safari ya tatu Maka alikuwa amechoka na mimi. Alinibania kitambaa cha buluu begani kwa pini akasema, "Tembea nacho mpaka bombani, adeer, urudi. Halafu uniambie kama kinamfaa mtu atakayekuwa anainua wagonjwa kutwa."

Ilikuwa saa saba mchana, na jua la Garissa saa saba wewe unalisikia tu redioni. Hatua kumi, upepo ukaja na vumbi lake. Kitambaa kikateleza. Nikakidaka kwa mkono, kikateleza upande wa pili, nikakidaka kwa meno. Ndipo Hanad, dalali mwenzangu wa mbuzi, alipotokea. "Kulow," akapaza sauti ili soko lote lifaidi, "mbuzi wamekushinda?"

Nilirudi kwa Maka nimelowa jasho, pini imenichoma kidole, na kitambaa chenyewe kilikuwa begani tu, si kichwani. Nikatazama huku na huku. Mama mmoja alikuwa amejitwika dumu la maziwa ya ngamia. Mwingine ananyonyesha huku anahesabu ndimu. Msichana mmoja alikuwa anamkimbilia kondoo aliyetoroka, na akamkamata. Hijabu zao zote zilikuwa mahali pake, zimetulia, kama vile upepo ulikuwa unanitafuta mimi peke yangu. Nikakumbuka nilivyosema kwenye kipaza sauti juu ya wasichana wanaovaa mbiombio. Nilitamani kwamba siku ile umeme ungekatika.

Ombi: bomba la maji lisogezwe karibu zaidi na kibanda cha Maka.

4. Lalamiko hili ndilo zito. Jumapili alasiri nilimpelekea Ruweyda hijabu zake tatu za buluu. Alikuwa anafunga mizigo. Alijaribu moja mbele ya kioo. Ilimfika juu kidogo ya kiwiko. Zote zilikuwa za mtoto wa darasa la sita.

Nilitegemea atacheka. Nilitaka acheke. Aliikunja polepole, akaniita aabo, yaani baba, akasema:

"Aabo, nilianza kuvaa hii kwa sababu mama alinivalisha. Nikiwa kidato cha pili nilijiuliza, kama hakuna mtu hata mmoja anayenitazama, ningeivaa? Nikakaa na swali hilo siku nyingi. Nikaona ndiyo, ningeivaa. Tangu hapo ni yangu. Wewe ukishika kipaza sauti, shule nzima inadhani naivaa kwa sababu baba yangu ana sauti kubwa."

Mhariri, nimebishana na madalali kutoka Mandera mpaka Nairobi, lakini huyu sikubishana naye. Nilimtazama mtoto huyu aliyekaa siku nyingi na swali kubwa ndani ya nyumba yangu, chumba cha pili, nami upande wa pili wa ukuta nikisikiliza bei za mifugo.

Nikamwambia, "Nisamehe, mama." Kisha, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu, nikamwomba twende wote kwa Maka, achague, mimi nibebe. Alichagua tatu kwa muda ambao chai haiwezi kupoa. Nilimuuliza kwa nini ile na si hii. Akanieleza kitambaa, mshono, namna ya kuifua. Alieleza njia nzima ya kurudi, na mimi sikusema kitu, jambo ambalo Yurub anasema halijatokea tangu tuoane. Jumatatu nilimpeleka kwenye basi. Alinipungia mkono mpaka lilipokata kona.

Ombi la mwisho: kila mwanamume anayetaka kuhutubu juu ya hijabu apewe kwanza mtihani wa kununua tatu zilizo sahihi kwa safari moja. Akishindwa, azungumzie tangi la maji. Najua sheria hiyo ikipita mimi ndiye wa kwanza kukamatwa, na mikutano ya Garissa itakwisha kabla ya adhuhuri. Hata hivyo nasimama pale pale: mtu mzima asitumwe hijabu. Anaweza kurudi nyumbani akiwa amejua mambo.

Nisalimie wapiga chapa, wasomaji wa Kitui na wa Wajir, na Mwalimu Muema popote alipo, nikimwomba asisahihishe.

Wako katika majuto na biashara,
Kulow Yahye

Tanbihi: Barua hii imekaa siku nne kwenye droo kwa sababu ya jambo ambalo sina budi kulikiri. Nilipita kwa Maka bila kutumwa na mtu. Nikamwambia, "Ya kuzungusha, kitambaa kinachoshika, mtu mwenyewe ananifika begani." Akaniuliza Yurub anapenda rangi gani. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, Mhariri, na sikujua. Nikabahatisha kijani kimoja kati ya vile saba. Tafadhali futa maombi yote manne, hasa lile la maswali. Yurub anasema hicho si kijani chake. Leo ni siku ya nne anasema hivyo, na ni siku ya nne ameivaa.